Tuhuma zipo, kikao kiko wapi?

Barua za safari hii zimetoka kanda ya kati: Dodoma mjini, Kibaigwa, Manyoni, Kondoa na Singida. Nyingine zimeandikwa na waajiri, nyingine na watu waliokwisha fukuzwa, na karibu zote zinauliza juu ya mwajiri kufuata, au kutofuata, utaratibu wa nidhamu. Tumezifupisha na kuondoa majina. Tunaposema "Sheria" tunamaanisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. "CMA" ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi. "Kanuni" ni Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, ambazo kila ofisa utumishi alipaswa kuwa na nakala yake mezani, si kwenye kabati la mkurugenzi.

Habari za kazi. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, wafanyakazi 14. Walinzi walimkamata mtunza ghala getini na madumu mawili ya mafuta, lita 20 kila moja, bila hati ya kutolea mzigo. Picha zipo, walinzi wawili walishuhudia. Nikamwandikia barua ya kumfukuza jioni ile ile. Leo nimeletewa fomu ya CMA. Yaani mtu ananiibia, kisha ananishtaki?
*Mwajiri, Singida*

Anakushtaki, na usipojipanga atashinda. Sheria inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ilikuwa halali na ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa nao ulikuwa wa haki. La kwanza unalo. La pili huna hata karatasi moja. Na mzigo wa kuthibitisha yote mawili uko kwako.

Tunaona jambo hili mara kwa mara. Ushahidi ukiwa mwepesi, mwajiri huwa mwangalifu: huuliza, huitisha kikao, huandika. Ukiwa mzito, huona kikao ni kupoteza muda. Matokeo yake ni kwamba wanaolipa fidia mara nyingi ni wale waliokuwa na kesi nzuri.

Utaratibu wenyewe uko kwenye kanuni ya 13, nao si mrefu. Unaanza na uchunguzi. Kwa madumu mawili ya mafuta, siku mbili zinatosha: daftari la ghala, hesabu ya mzigo wa siku ile, kitabu cha getini, na maelezo ya walinzi, kila mmoja akiandika peke yake bila kuchungulia ya mwenzake. Maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno, hadi makosa ya herufi, hayamshawishi mtu. Funga na ripoti, hata ya kurasa mbili, na mpe mtuhumiwa nakala yake. Mashauri kadhaa yameharibika kwa sababu ripoti ilibaki kwa bosi, mfanyakazi akatakiwa kujibu kitu asichokiona.

Kisha barua ya tuhuma, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Barua inayosema "unatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu na kukosa uaminifu" haimwambii mtu chochote. Andika hivi: "Tarehe fulani, saa 11:40 jioni, kwenye geti kuu, ulikutwa na madumu mawili ya mafuta ya alizeti ya lita 20 kila moja, mali ya kampuni, bila hati ya kutolea mzigo, kinyume na kifungu fulani cha kanuni zetu za kazi." Lugha iwe ile anayoielewa. Barua ya Kiingereza kwa mtunza ghala aliyeishia darasa la saba ni kasoro tosha. Barua hiyo hiyo itaje siku, saa na mahali pa kikao, na imkumbushe kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na kuleta mashahidi. Muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Saa hizo zihesabu tangu alipoipokea barua, maana kuna barua zinazochapwa Ijumaa, zikapokewa Jumapili jioni, na kikao kikaitwa Jumatatu asubuhi.

Kwenye kikao ushahidi utolewe mbele yake. Walinzi waje waseme, naye awaulize maswali. Kusoma maelezo yao wakati wao wako lindoni mita hamsini kutoka hapo hakutoshi. Baada ya kusikiliza, mwenyekiti aamue kwanza kama kosa limethibitika, na hapo apumzike. Kabla ya adhabu, mfanyakazi apewe nafasi ya kuomba apunguziwe: miaka aliyotumikia, kumbukumbu zake, hali yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu mwenyekiti akishasema "una hatia" watu huanza kukusanya karatasi. Adhabu ije mwisho, kwa barua yenye sababu fupi, ikimkumbusha haki ya kukata rufaa na ya kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndiyo hiyo CMA.

Kwa hili lililokwisha tokea, jibu fomu kwa wakati, nenda kwenye usuluhishi na ushahidi wako wote wa sababu, na uwe tayari kuzungumza. Kukosea utaratibu peke yake huleta fidia ndogo kuliko kumfukuza mtu bila sababu, kwa hiyo zile picha na kitabu cha getini bado zina thamani kubwa. Tunakuomba tu usiandike sasa muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Waamuzi wameziona karatasi za namna hiyo: wino mmoja kurasa zote, na saini ya shahidi ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Ukishikwa na hiyo, hata zile picha za kweli zitatiliwa shaka.

Jambo moja zaidi. Chungulia mafaili. Kama mwaka jana mwingine alikutwa na dumu moja akapewa onyo, utaulizwa kwa nini huyu amefukuzwa. Kanuni ya 12 inataka kanuni ya kazi iwe inatumika kwa watu wote namna moja. Jibu linaweza kuwepo (huyu ni mtunza ghala, funguo ni zake), lakini liandikwe kwenye uamuzi, lisizuliwe mbele ya mwamuzi.

Nafanya kazi hotelini hapa Dodoma mjini. Kitabu cha kanuni tulichosainishwa kinasema mtu apewe siku tano za kazi kujiandaa, na kamati iwe ya watu watatu, mmoja akichaguliwa na wafanyakazi. Mimi nilipewa siku mbili, wakakaa meneja na mhasibu tu. Nilipouliza, wakasema sheria ya nchi inataka saa 48 na haitaji kamati. Ni kweli?
*Mhudumu, Dodoma*

Walichosema kuhusu sheria ya nchi ni kweli, ila hakiwasaidii. Kanuni za serikali ni kiwango cha chini. Mwajiri anaruhusiwa kujiwekea utaratibu wenye ulinzi zaidi kwa mfanyakazi, na akishauandika, akauchapisha na kukusainisha, hawezi kuuacha siku unapombana. Ulipousaini ukawa sehemu ya masharti ya ajira yenu, na ulimfunga na yeye pia. Ingekuwa kinyume chake, kitabu kinasema saa 24, tungesema saa 48 za Kanuni ndizo zinazotawala.

Mwajiri anayechukua kitabu cha kampuni kubwa ya Dar es Salaam mtandaoni, akabadilisha jina la juu tu, hujifunga kwa kamati ya watu watano, ngazi mbili za rufaa na mtaalamu wa usalama ambaye hayupo kwenye malipo yake. Halafu siku ya siku anashindwa kutekeleza alichokiandika mwenyewe. Waajiri mnaosoma hapa: kifungueni kitabu chenu leo mhesabu kama watu waliotajwa humo wapo. Kama hawapo, kirekebisheni wakati hakuna kesi mezani. Kukirekebisha katikati ya kesi kutaonekana kama kumwandama mtu.

Tukurudie wewe, dada au kaka. Si kila kasoro inaua kesi. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imekwisha eleza kwamba utaratibu haupimwi kwa kuweka alama ya vema kwenye kila mstari. Kinachoangaliwa ni kama ulisikilizwa kwa haki. Kwa hiyo ukifika kwa mwamuzi usiishie kusema "waliruka ukurasa wa 14". Sema ilikuumizaje. Siku tatu ulizonyimwa ungezitumia kufanya nini? Labda shahidi wako alikuwa Mpwapwa na angerudi siku ya nne. Labda ungepata orodha ya zamu. Na yule mjumbe wa wafanyakazi aliyekosekana: je, waliobaki wawili, mmoja wao ndiye aliyekulalamikia? Kama meneja aliyekaa kitini ndiye aliyeandika tuhuma, hiyo ni hoja nzito kuliko zile siku.

Na kwa mwingine ambaye kikao chake hakijafika: pingamizi litolewe mwanzoni kabisa, kabla shahidi wa kwanza hajafungua mdomo, na uombe liandikwe. Sentensi moja inatosha: "Kitabu chetu kinataka siku tano, nimepewa mbili, naomba kikao kiahirishwe." Wakikataa, endelea na kikao, jitetee, usisuse. Mwisho, kabla ya kusaini muhtasari, soma kama sentensi yako imo. Haimo? Iandike kwa mkono wako juu ya saini, weka tarehe, kisha usaini.

Tuko sita tu kwenye ghala langu la mahindi. Kijana mmoja wa kupakia alinitukana mbele ya wateja, na akakataa kazi niliyompa. Nimeambiwa siwezi kuwa mwenyekiti wa kikao kwa kuwa mimi ndiye niliyetukanwa. Sasa nani akae? Kondakta wa basi?
*Mwenye ghala, Kibaigwa*

Si kondakta, lakini mtu wa nje ndiyo. Kanuni zinataka kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya kutosha katika uongozi ambaye hakuhusika na tukio. Wewe ulihusika: ni mlalamikaji na tena ni shahidi mkuu. Ukiongoza kikao utakuwa unajiuliza na kujijibu mwenyewe. Biashara ndogo hazidaiwi mambo ya kampuni kubwa, ila kusikilizwa na mtu asiye na ugomvi nawe ni haki ya kila mmoja, awe mpakiaji wa magunia au mkurugenzi.

Wafanyabiashara wengi wa ukubwa wako huazima mtu: ofisa utumishi mstaafu, wakili, meneja wa biashara nyingine, au mtu wanayemlipa posho ya siku kuongoza kikao. Mwandikie barua ya uteuzi, na humo usimweleze hadithi yako ya tukio. Mpe barua ya tuhuma na kanuni za kazi, basi. Usimpe chakula cha mchana kabla ya kikao mkiwa wawili. Kibaigwa si mji mkubwa, kijana atajua kabla sahani hazijaondolewa.

Gawa viti vizuri. Mtu mmoja awasilishe tuhuma na kuita mashahidi. Hapo unaweza kuwa wewe. Mwingine aandike muhtasari, naye asichangie. Mwenyekiti aulize, aamue kama kosa limethibitika, na apendekeze adhabu. Kijana awe na mwenzake pembeni. Mwenyekiti anapotaka kufikiri, wote mtoke nje, na wewe pia. Kosa tunalolisikia kila mara ni hili: mfanyakazi anaambiwa asubiri nje, mwajiri anabaki ndani "kushauriana" na mwenyekiti. Dakika hizo kumi zinatosha kuharibu kila kilichofanyika tangu asubuhi.

Kuhusu uzito wa kosa, ukaidi mkubwa ni miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi, pamoja na kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa na kumshambulia mwenzako au mteja. Lakini kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya kuendelea naye kusivumilike. Tusi moja mchana wa jua kali baada ya kupakia magunia mia mbili huenda likaishia kwenye onyo la mwisho la maandishi. Hayo mwachie mwenyekiti wako, ndiyo maana umemwita.

Tumemwandikia barua ya kuitwa kwenye kikao, kagoma kuipokea. Kaiacha mezani akaondoka. Tufanyeje?
*Ofisa utumishi, Dodoma*

Kugoma kupokea barua hakufuti kikao, mradi uthibitishe kwamba aliletewa. Wakati wa kumpa, kuwe na watu wawili. Akikataa, msomee yaliyomo kwa sauti, kisha nyuma ya nakala ya ofisi andika: tarehe, saa, mahali, nani alimpa, alisema nini, na mashahidi wote wawili wasaini hapo hapo. Si kesho yake. Kisha mtumie njia nyingine pia: picha ya barua kwa WhatsApp kwenye namba iliyo kwenye faili lake (hifadhi alama za kusomwa), na nakala kwa anwani yake, kwa EMS au kupitia mtendaji wa mtaa anakoishi, ukibaki na stakabadhi au mhuri.

Siku ya kikao asipotokea, subirini kidogo, mpigieni simu, muandike kwamba mlipiga. Ukiwa umethibitisha kwamba ana taarifa na hana sababu ya maana, Kanuni zinaruhusu kuendelea bila yeye. Ila kikao kifanyike kweli, mashahidi waitwe na kuhojiwa. Kuna ofisi ambazo mtuhumiwa asipokuja huandika mistari mitatu, "hakufika, ameonekana ana hatia". Kutokuja si kukiri. Na akileta karatasi ya hospitali, ahirisheni mara moja kwa maandishi, hata kama mnaishuku. Kuahirisha wiki moja ni nafuu kuliko kumlipa fidia.

Kama huyo ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, simama kwanza: chama chake kijulishwe na kushirikishwa kabla hujaanzisha hatua za nidhamu.

Nimesimamishwa kazi miezi miwili "kupisha uchunguzi", mshahara hawanilipi. Wanasema nitalipwa nikionekana sina kosa.
*Dereva, Dodoma*

Kwa ajira za sekta binafsi, kusimamishwa kupisha uchunguzi ni kwa mshahara kamili. Hiyo bado si adhabu, kwa kuwa hujasikilizwa. Waandikie ukidai mishahara yako, taja tarehe ya barua ya kusimamishwa, na uombe ujulishwe uchunguzi utaisha lini. Madai ya mshahara yanaweza kupelekwa CMA ndani ya siku 60, usiyaache yalale.

Nao wenye mali wajue kwamba kumweka mtu nyumbani ni gharama inayokua kila tarehe ya mshahara. Asimamishwe yule tu anayeweza kuvuruga ushahidi au kutisha mashahidi. Fundi aliyetukana mwenzake anaweza kuhamishiwa zamu nyingine hadi kikao.

Nahudumia pampu kituo cha mafuta. Hesabu ilipungua shilingi 212,000. Meneja anataka kukata zote kwenye mshahara wa mwezi huu, napokea 320,000. Amesema nishukuru hanifukuzi.
*Msomaji, Manyoni*

Hawezi kukata zote mwezi mmoja, na pengine hawezi kukata kabisa bado. Kabla ya kugusa mshahara kwa hasara iliyotokea kazini, mwajiri anatakiwa akuandikie chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kulipinga, na hasara iwe imetokana na kosa lako. Deni lisizidi hasara halisi, na makato kwa jumla yasizidi robo ya ujira wako. Robo ya 320,000 ni 80,000. Kwa hiyo hata ukikubali deni lote, ni 80,000 mwezi wa kwanza, 80,000 wa pili na 52,000 wa tatu.

Usisaini karatasi ya kukubali kabla hujaona mahesabu: usomaji wa mita ya pampu mwanzo na mwisho wa zamu, mauzo ya mkopo ya siku hiyo, na nani mwingine alishika pampu ile. Kwenye vituo vingi mtu akienda kula, mwenzake humshikia bila mita kusomwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, andika hilo kwenye majibu yako. Hasara ya watu wawili haiwezi kuitwa kosa la mmoja hivi hivi.

Mhasibu wetu tumemripoti polisi kwa kughushi risiti. Tumsubiri hakimu au tuendelee na nidhamu?
*Mkuu wa shule binafsi, Dodoma*

Kwenda polisi si sawa na kushtakiwa mahakamani, na tofauti hiyo ndiyo jibu lako. Sheria ya 2004, kifungu cha 37(5), iliweka kizuizi: mfanyakazi aliyekwisha shtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ndilo lile lile, hapewi adhabu ya kinidhamu hadi kesi na rufaa yake viishe. Hiyo inaweza kuwa miaka. Wakati wote huo, mkiwa mmemsimamisha, ni kwa mshahara kamili. Shule nyingi hukimbilia mahakamani kwanza kwa hasira, kisha zinajikuta zimejifungia mlango wao wenyewe.

Kama hajafikishwa mahakamani, fanyeni uchunguzi wenu na kikao chenu sasa. Hamhitaji kiwango cha ushahidi cha hakimu. Kwenye nidhamu inatosha kuonyesha, kwa mizani ya uwezekano, kwamba ni rahisi zaidi kuamini alifanya kuliko kwamba hakufanya. Chukueni nakala za risiti kabla polisi hawajabeba vitabu vya asili, na mwombe hati ya vitu vilivyochukuliwa. Mkienda kwenye kikao bila risiti hata moja mtaishia kusimulia tu.

Na tafadhali msimwekee mbele karatasi ya kujiuzulu mkisema "saini hii au tunakuita polisi". Kujiuzulu kwa kutishwa huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na mtakuwa mmefanya hivyo bila kikao chochote.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri, Kondoa. Nimefukuzwa. Niende CMA?
*Msomaji, Kondoa*

Hapana, si kwanza. Watumishi wa umma wana njia yao chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake: hati ya mashtaka, uchunguzi, uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, kisha rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Kifungu cha 32A, kilichoongezwa 2016, kinamtaka mtumishi amalize njia hizo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Kuna watu waliokwenda CMA, wakashinda, na miaka baadaye wakaambiwa CMA haikuwa na mamlaka tangu mwanzo. Kata rufaa yako huko, mapema, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Barua ya kufukuzwa imenipa nafasi ya kukata rufaa kwa mkurugenzi. Nimekata, wiki tatu zimepita, kimya. Naogopa siku 30 za CMA zitaisha. Na nikienda, najaza nini?
*Aliyekuwa fundi kiwandani, Dodoma*

Unaogopa kwa haki. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kukubaliana na ule wa kwanza. Ukitegemea rufaa, siku zinaanza kwenye jibu la rufaa. Lakini jibu lisipokuja kabisa, mwajiri anaweza kusema hukukata rufaa yoyote, au uliikata nje ya muda. Mwongozo ulio kwenye Kanuni unatoa siku tano za kazi kukata rufaa ya ndani; kitabu chenu kinaweza kutoa zaidi. Kwa wiki tatu za kimya, ushauri wetu ni kwenda kabla ya siku ya 30 ya barua ya kwanza, ukiwa na nakala ya rufaa iliyogongwa mhuri. Kuwahi hakukudhuru kama kuchelewa kunavyodhuru.

Fomu ni CMA Na. 1. Andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye mkataba au hati ya mshahara, siyo jina la ubao wa getini. "Kiwanda cha mzee fulani" si mtu anayeweza kuamriwa kulipa. Kwenye aina ya mgogoro chagua kuachishwa kazi, kisha ujaze sehemu B iliyo nyuma, ambayo ni ya walioachishwa tu. Humo unaulizwa mambo mawili: utaratibu ulikuwa na kasoro gani, na sababu ilikuwa na kasoro gani. Wengi wanaiacha wazi au wanaandika "haikuwa haki". Andika yale yale uliyoyalalamikia: sikupewa ripoti ya uchunguzi, mwenyekiti ndiye mlalamikaji, sikuruhusiwa kumuuliza shahidi. Mpelekee mwajiri nakala, asaini kupokea, na uthibitisho huo uende na fomu. Ukiwa umechelewa, ongeza fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ukieleza kila kipindi ulichochelewa na sababu yake.

Usuluhishi kwa kawaida unapewa siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na hapo mwajiri ndiye anayeanza kuleta mashahidi. Wakati huo huo dai vile ambavyo havisubiri kushinda: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyoipata hujaitumia, hati ya utumishi, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama uliajiriwa mbali. Kiinua mgongo, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kwa hiyo hicho kitategemea matokeo. Ukiandikiwa hundi yenye maneno "malipo ya mwisho, sina dai lingine", soma kabla ya kusaini. Unaweza kupokea mshahara wako na kuandika pembeni kwamba umepokea bila kuacha haki ya kupinga kuachishwa.